Wazee wa Buha waliokwenda manamba Tanga: kwa nini wengi hawakurudi?

#1 MwanaHeru
Salaam wakuu.

Sisi wa Kasulu, huko Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, karibu kila ukoo una mtu ambaye jina lake likitajwa wazee wanakohoa kidogo, halafu mmoja anasema, "Yule alienda manamba." Yaani kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge. Mazungumzo yanaishia hapo.

Kwetu ni kaka yake babu. Alichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini kwenda kukata mkonge, akaacha mke na mtoto wa kike anayenyonya. Alituma kaniki na shuka kupitia mtu wa Makere aliyekuwa anarudi. Basi. Hakuna barua, hakuna salamu, hakuna habari ya msiba. Yule mtoto ndiye shangazi yangu, yuko hai na meno yake, na safari hii nilipokwenda kumsalimia akaniuliza: "Wewe mwenye simu kubwa, huwezi kunitafutia baba?"

Nimekosa jibu ndiyo maana nimeuleta hapa. Mkataba ulikuwa na mwisho wake. Mimi naamini wengi waliamua wenyewe kutorudi, haya mambo ya kukosa nauli tunapakana mafuta tu. Wenye wazee waliopita huko mseme.

#2 Korogwe_Damu
Mkuu hakuna fumbo hapo. Tanga waja leo, waondoka leo? Babu yako mkubwa alikula pweza wa nazi akasahau migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Uzi ufungwe.

#3 Mchunguzi Huru
Nakaa siti ya mbele.

#4 Bi Mkubwa wa Ngomeni
MwanaHeru, marahaba, naipokea kabla hujaitoa.

Mimi ni mtoto wa hao unaowatafuta. Baba yangu alikuwa Muha, mama Mbondei, nimezaliwa kambini. Nikwambie kitu kimoja ambacho vijana hamkijui: kipande. Ilikuwa kadi ya kazi ya siku thelathini. Unafanya kazi siku moja, unawekewa alama moja. Mvua ikikuzuia, hakuna alama. Ukiumwa, hakuna alama. Ukikata mzigo ukapungua, mnyapara anakuambia rudia kesho, hakuna alama. Mshahara unaupata kipande kikijaa. Sasa katikati hapo unakula nini zaidi ya posho? Unakwenda dukani unakopa: sabuni, tumbaku, kitenge cha mama. Kipande kikijaa hela inapita mkononi kwenda dukani. Baba alikuwa anasema "mwezi wangu una siku arobaini".

Hakurudi Kasulu mpaka anaingia kaburini. Si kwamba alisahau. Kila Desemba alisema mwakani.

#5 Kadi Nyekundu
Bi Mkubwa mzee wako alikuwa karibu kabisa na ukweli wa sheria. Kipande cha siku 30 kilitakiwa kukamilika ndani ya siku 42. Kwa hiyo "mwezi wenye siku arobaini" halikuwa fumbo la mzee, ndivyo kalenda ya mkonge ilivyokuwa.

#6 Teacher Kibondo
Heshima kwenu wote. Babu yangu mzaa mama alikwenda na alirudi, kwa hiyo MwanaHeru usijumlishe. Alipanda treni Kigoma mwaka 1954 akashukia Korogwe. Alikuwa anatuhadithia kila kituo kwa jina: Uvinza, Kaliua, Tabora, na Itigi walikouziwa mayai ya kuchemsha. Alirudi akanunua ng'ombe wawili na akaoa bibi yetu. Anasema waliobaki kule walikuwa wanaogopa kurudi. Nyumbani mtu akirudi na nguo nzuri anarogwa.

#7 Fundi Reli Mstaafu
Mwalimu, hapo kwenye treni pana shimo. Mwaka 1954 hapakuwa na reli ya kukutoa Kigoma mpaka Korogwe. Reli ya Kati na reli ya Tanga zilikuwa vitu viwili visivyojuana. Kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kinachoziunganisha kilifunguliwa 1963, uhuru ulishapatikana. Kabla ya hapo abiria wa Kigoma anayekwenda Korogwe lazima ashuke mahali kwenye Reli ya Kati, Morogoro kwa mfano, amalizie kwa lori.

#8 Teacher Kibondo
Mkuu, babu alisema treni. Mimi nilikuwa na miaka tisa nimeshika kibatari, ningembishia? Inawezekana lori halikumvutia kulisimulia.

#9 Korogwe_Damu
Hahaha, au alikwenda baada ya 1963 halafu akajiongezea miaka ili apate heshima. Wazee wa zamani umri walikuwa wanajipangia. Wa kwetu alikuwa na miaka 80 kwa miaka kumi mfululizo.

#10 MwanaHeru
Korogwe_Damu acha utani kidogo, lakini hilo la umri ni kweli. Shangazi mwenyewe hana tarehe. Anachojua ni kwamba Ziwa Tanganyika lilipojaa yeye alikuwa ameshaanza kubalehe.

#11 Fundi Reli Mstaafu
Ziwa lilijaa sana kuelekea 1964. Piga hesabu kurudi nyuma, unapata huko huko mwanzoni mwa hamsini. Shangazi yako yuko sawa kuliko Mwalimu.

#12 Lubhaga
Mnazungumza kana kwamba wote walikwenda kwa kupenda. Kwetu Kakonko hadithi ni nyingine. Babu mkubwa alikamatwa. Mtware, yaani chifu mdogo wa kwetu, alipewa idadi ya vijana wanaotakiwa, akachagua wale ambao baba zao hawana sauti. Waliondolewa usiku wakijua wanakwenda vitani, kumbe wanapelekwa mashambani.

#13 Mchunguzi Huru
Lubhaga hiyo chai au?

#14 Kadi Nyekundu
Si chai. Mwaka 1942 Wajapani walishika Ufilipino na visiwa ambavyo leo ni Indonesia, kulikokuwa kunatoka katani ya Manila na mkonge kwa ajili ya kamba za meli. Waingereza wakabaki na mkonge wa Afrika Mashariki. Serikali ya Tanganyika ikaanza kuchukua watu kwa lazima kuwapeleka kwenye mashamba, na hilo liliendelea hadi vita vinaisha. Kwa hiyo wapo waliokwenda keya, jeshi la Mwingereza, wakafika hadi Burma, na wapo waliochukuliwa kwa amri ile ile wakaishia kwenye mkonge.

Ila huyo wa MwanaHeru ni wa baada ya hapo. Miaka ya hamsini uandikishaji ulikuwa mikononi mwa SILABU, chombo cha wenye mashamba kilichoanzishwa 1944. Hawakukufunga kamba. Kodi ndiyo iliyokufunga kamba. Unatakiwa ulipe fedha taslimu, Buha hakuna zao la kukupa fedha, anakuja mwandikishaji na blanketi.

#15 Lubhaga
Ahsante kwa kunitetea. Ila kodi na kamba kwangu ni mamoja.

#16 Mbena Mtulivu
Habari za humu. Sisi Njombe tulipeleka watu wengi tu mkonge, na kwetu WALIRUDI. Walirudi na baiskeli, na cherehani, wengine na gramafoni isiyo na santuri. Babu yangu alikwenda mara kadhaa, akilima msimu mmoja anakwenda, anarudi. Naona tatizo ni Waha wenyewe.

#17 Korogwe_Damu
Mbena umewasha moto. 😂

#18 Bi Mkubwa wa Ngomeni
Mbena, tuliza. Wabena waliokaa Ngomeni nimesoma na watoto wao, na makaburi yao nayajua.

#19 Kadi Nyekundu
Kuna jambo la mkataba hapa ambalo linaweza kueleza tofauti. Mtu aliyeandikishwa kwao akamaliza mkataba alikuwa anarudishwa kwa gharama ya mwajiri. Lakini akitoroka katikati, au akimaliza na kuamua kubaki kama kibarua wa kawaida, kurudi ni juu yake. Mwanzoni kubaki kuna faida: unachagua shamba, unahama ukichoka na mnyapara, unapata kabustani. Halafu unapita mwaka, unapata mke, unapata watoto. Siku ukiikumbuka nauli ya kurudi Kigoma, unaitafuta ya watu watano badala ya mmoja.

Kwa hiyo MwanaHeru na Bi Mkubwa wote mnasema kweli. Aliamua, na hakuwa na nauli.

#20 MwanaHeru
Kadi Nyekundu unataka kutupatanisha kabla hatujagombana vizuri. Mimi sijakubali. Mtu aliyebaki miaka thelathini anashindwa hata kumwagiza mtu salamu?

#21 Mjukuu wa Brashi
Naomba na sisi wa upande wa kina mama tuchangie, maana tangu juu naona "mkataji, mkataji" tu.

Bibi yangu alifanya kazi kwenye mkonge. Wanaume walikata. Unaanza na majani ya chini, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga mafungu ya majani thelathini thelathini, unabeba kwa bega hadi kwenye reli ya toroli. Toroli zinakwenda korona, ile mashine inayoponda jani kwa maji mengi na kubakisha singa, yaani nyuzi. Singa zikitoka pale zimelowa na zinanuka uchachu ambao bibi alikuwa anausikia hata kwenye ndoto. Bibi alikuwa anaanika. Anazitandaza juu ya waya juani, anageuza, anakusanya, zinakwenda kwenye brashi, mashine ya kusafisha singa, halafu marobota. Maji ya mkonge yanawasha. Mikono yake kuanzia kwenye kiwiko kushuka chini ilikuwa na ngozi tofauti na ya mwili wake, imekakamaa na kung'aa. Tukiwa wadogo tulikuwa tunabishana nani atakunwa mgongoni na bibi, kwa sababu kiganja chake kilikuwa kinakuna chenyewe.

Alikuwa wa Songea. Alimfuata mume wake aliyepotea. Alimkuta, na mke mwingine. Akapewa chumba cha pili kwenye laini hiyo hiyo ya nyumba za wafanyakazi, akaanza kazi ya kuanika Jumatatu yake. Na yule mke mwenzake ndiye aliyemfundisha.

#22 Mchunguzi Huru
Daah. Hii ndiyo iwe uzi.

#23 Shemeji wa Manyovu
Mjukuu wa Brashi umegusa panapouma. Kwetu ni kinyume chake. Bibi hakumfuata. Alisubiri, akarithiwa na shemeji yake, akazaa wengine watano. Miaka ya sabini mume akatokea! Mzee kabisa, na sanduku la bati. Alikaa wiki tatu, akaona mambo yalivyo, akaondoka bila kuaga. Baba anasema waliokuwa wadogo waliambiwa yule ni mgeni wa kanisa.

Kwa hiyo wapo waliorudi ambao hawahesabiwi kuwa walirudi.

#24 Lubhaga
Miaka ya sabini mwaka gani? Maana kuna jambo. Operesheni Kigoma ilikuwa 1972. Watu walitolewa kwenye maboma yao wakapangwa vijijini kando ya barabara. Aliyeondoka 1952 akirudi 1974 anakuta migomba imeota msitu na hakuna mtu. Anauliza nani? Baba yangu mdogo alipita kijiji baada ya kijiji akitaja majina ya wazee, na vijana waliopewa viwanja pale hawakutoka ukoo mmoja.

#25 Shemeji wa Manyovu
Huyu alitupata. Alisaidiwa na soko. Pale hakuna asiyejulikana.

#26 Mzalendo wa Kweli
Naomba niulize bila kuchokoza. Mna uhakika wote walikuwa Waha? Mashamba yalichukua watu wengi kutoka Rwanda na Urundi pia. Kirundi na Kiha ni ndugu wa kunyonya ziwa moja. Nilikaa Muheza miaka kadhaa kikazi, nikakutana na mzee anayeitwa "Muha" na kijiji kizima, siku moja akaniambia kwao ni ng'ambo ya mpaka, Muha amekuwa kwa sababu karani aliandika hivyo na ilikuwa salama zaidi. Huyo angerudi Kasulu kufanya nini?

#27 MwanaHeru
Wa kwetu ni Muha, tuna kaburi la baba yake.

#28 Mzalendo wa Kweli
Sijasema wa kwenu.

#29 Bi Mkubwa wa Ngomeni
Mzalendo hapo umesema jambo ambalo kwenye kambi lilikuwa linajulikana na halisemwi.

Ila Muha wa kweli tulikuwa tunamjua kwa kusalimiana. Baba kwa Kiswahili alikuwa mtu wa maneno mawili. Siku moja nikiwa darasa la tano akaja mwanamume kuuza chumvi, akasimama mlangoni. Wakaangaliana. Baba akaweka jembe chini, wote wakainama kidogo, wakaanza kupiga makofi taratibu, huyu anauliza, yule anajibu, makofi hayaishi, wanaulizana mpaka mbuzi. Mama alianza kupika chai na chai ikachemka wao bado mlangoni. Sijawahi kumwona baba akizungumza vile, si kabla wala baada. Yule muuza chumvi alilala kwetu, asubuhi baba akampa hela apeleke nyumbani. Hatujui kama zilifika.

MwanaHeru, umeuliza kwa nini hawakuagiza hata salamu. Waliagiza. Nani alikuwa anazipokea?

#30 Korogwe_Damu
Bi Mkubwa shikamoo. Hapo sina utani.

#31 Kadi Nyekundu
Kuna suala la majina pia. Wengi walisilimu kule. Aliyeondoka na jina la Kiha akawa Juma, Ramadhani, Saidi, na mwajiri akaongeza kabila au mkoa nyuma yake. Ukienda leo kuuliza kwa jina la ukoo hakuna atakayekujibu.

#32 Bi Mkubwa wa Ngomeni
Kweli tupu. Baba yangu jina lake la nyumbani tulilisikia msibani, alilitaja mzee mwenzake.

#33 Mbena Mtulivu
Turudi kwenye uchumi. Mkonge ulivyokufa hao wazee walipata nini? Babu yangu aliacha mapema, bei ilipoanza kuanguka.

#34 Fundi Reli Mstaafu
Mwaka 1964 nchi ilitoa tani kama 230,000, tulikuwa wa kwanza duniani. Baada ya hapo bei ikashuka, kamba za plastiki zikaingia, 1967 mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini uzalishaji ulikuwa karibu tani 20,000. Mabehewa ya mkonge niliyokuwa nayaona nikiwa kijana Tanga yaligeuka mabanda ya kuku.

#35 Kijana wa Umoja
Msisahau chama cha wafanyakazi. Wazee walikuwa wanagoma, tena kwa nguvu, miaka ya hamsini mwishoni. Victor Mkello aliyekuwa anawaongoza wafanyakazi wa mashambani alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali mwaka 1963. Serikali yetu wenyewe, si mkoloni.

#36 Korogwe_Damu
Kutoka Tanga kupelekwa Sumbawanga. Hiyo ni adhabu au ni ofa ya kumsogeza karibu na migebuka?

#37 Kijana wa Umoja
Utani wako umechoka kama reli.

#38 Mjukuu wa Brashi
Mbena umeuliza walipata nini. Bibi alipewa karatasi. Shamba alilofanyia kazi lilibadilisha mikono, kila aliyekuja akasema deni ni la aliyetangulia. Karatasi tunayo. Alichopata cha kushikika ni kuachwa aendelee kukaa kwenye chumba kile kile cha laini, bila mtu kumdai kodi, mpaka alipofariki. Ukuta mmoja ulikuwa umeshaanguka, tukauzibia kwa nguzo za mkonge.

Mama alimwuliza arudi Songea. Akasema, "Nikamsalimie nani?"

#39 Teacher Kibondo
Mimi bado nashikilia la uchawi, na hakuna aliyenijibu. Babu alikuwa na wenzake kutoka kijijini, mmoja akarudi, akafa mwaka ule ule. Waliobaki kule wakapata habari. Nani angerudi?

#40 Mchunguzi Huru
Mwalimu, habari za uchawi zilifika Tanga ila salamu za wazee hazikufika Kasulu? Posta ya aina gani hiyo.

#41 Teacher Kibondo
Habari mbaya haihitaji stempu mkuu.

#42 Lubhaga
Mimi naongeza la kifua. Vumbi la brashi, kukohoa, TB. Wengine hawakurudi kwa sababu walikufa, kwa umri wa miaka thelathini, na karani aliandika "ametoroka". Hilo hamjalitaja kabisa tangu juu.

#43 Bi Mkubwa wa Ngomeni
Lipo. Makaburi ya kambini mengine yana jiwe tu, na mkonge umepandwa juu baadaye.

#44 MwanaHeru
Wakuu nimerudi. Nimempigia shangazi nikamsomea baadhi ya majibu, nikaruka la kifua na la wake. Amesikiliza, kisha akauliza kama huyo mama wa Ngomeni ana ndugu wa kiume. Nimemwambia sijui. Akasema nimuulize, kwa sababu mama yake alimwambia baba alikuwa na kidole cha mwisho cha mguu wa kushoto kilichopanda juu ya kingine, na yeye anacho hicho, na kijana wangu anacho.

Bi Mkubwa samahani kwa swali la ajabu.

#45 Bi Mkubwa wa Ngomeni
Hapana mwanangu, vidole vya baba yangu vilikuwa sawa. Na yeye alifika baada ya uhuru kukaribia. Ila niachie jina la kijiji na jina la baba wa huyo mzee kwenye ujumbe wa faragha. Kuna wazee wawili Pongwe na mmoja Magoma bado wana kumbukumbu. Usiniletee jina la ukoo kwanza, niletee mwaka na mtu aliyepeleka zile kaniki.

#46 Korogwe_Damu
Mimi Magoma nafika Jumamosi kwenye harusi. Nitauliza. Ila nikikaribishwa pombe ya dengelua kabla ya kumwona mzee, majibu yatachelewa mpaka Jumatatu.

#47 Mbena Mtulivu
Muulize na huyo mzee kama anamjua Mbena yeyote aliyekaa moja kwa moja. Nina sababu zangu.

#48 Mchunguzi Huru
Mbena! Si ulisema kwenu walirudi wote?

#49 Mbena Mtulivu
Nilisema walirudi. Wote umeongeza wewe.

#50 Kadi Nyekundu
Watu wa Kilosa na Kimamba mko wapi? Huko nako kulikuwa na mkonge na Waha wengi, na ni njia ile ile ya treni bila lori. Huenda huyo mzee hakufika Tanga kabisa.